Barua ya wazi kwa wakubwa wa hospitali: kakangu alingoja saa 134 miguu yake ikifa

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa wanachama wa Bodi, na kwa daktari mkuu wa idara ya dharura,
Hospitali mwaijua wenyewe, jina sitaliandika hapa,
Mombasa.

KUH: MGONJWA WA TB YA MGONGO ALIYEKAA KWENU BILA PICHA WALA UPASUAJI TANGU ALHAMISI USIKU MPAKA JUMATANO

Assalam aleikum, na kwa wasiokuwa Waislamu hamjambo. Nawaandikia kwa heshima zote, na naomba msome mpaka mwisho, kwa sababu hii si barua ya kwanza. Ya kwanza niliileta mwenyewe kwa mkono mwezi mmoja baada ya kakangu kufanyiwa upasuaji, dada wa mapokezi akaigonga muhuri akaniambia nitapigiwa simu. Ya pili nikaileta baada ya wiki sita, muhuri tena. Ya tatu nikatuma kwa barua pepe na nakala nikaleta, na huyu wa mara hii alinionea huruma akaniambia dada, hizi barua zaenda kwa faili tu. Sasa imepita miezi minane na simu haijalia, ndio nimeamua niandike mahali ambapo watu wa Likoni, Kisauni, Changamwe na kwengineko wataisoma pamoja nanyi.

Sitaki ugomvi na mtu. Daktari aliyempasua kakangu namuombea dua kila siku, na manesi wawili wa ile wadi nawajua kwa sura na siku nikikutana nao sokoni nitawakumbatia. Kilichonileta ni saa. Mimi nafanya kazi ya kliaringi, karatasi za makontena, na katika kazi yetu kila kitu kina saa yake: kontena limeshuka melini saa ngapi, limekaguliwa saa ngapi, limetoka geti saa ngapi, na likikaa zaidi ya siku zake za bure kuna mtu atalipa stoo na atataka kujua nani amelichelewesha. Nilipoomba kujua nani alimuona kakangu saa ngapi na akaamua nini, hakuna aliyekuwa na jibu. Kontena la vigae lina rekodi kuliko mtu.

Kwa wasiomjua, kakangu ana miaka 41 na ni hamali Kongowea, magunia ya viazi na vitunguu, tangu ana miaka 19. Mgongo ulianza kumuuma kabla ya Ramadhani, katikati hapa chini ya mabega. Akaja kwenu mara tano. Kadi zote tano ninazo. Mara ya sita hakuja kwa miguu yake, alianguka pale kwenye mteremko wa kushukia feri, Alhamisi jioni, goti likakunjika tu kama mtu aliyekatwa, watu wakadhani amesukumwa. Vijana wakamnyanyua wakavuka naye, tukamchukua kwa tuktuk, tukafika dharura saa mbili usiku. Upasuaji umefanyika Jumatano saa nne asubuhi. Hesabu mwenyewe, ni saa 134.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mara tano, na hakuna aliyemvua shati.

Kila kadi imeandikwa kitu kimoja, msuli umevutika, sindano ya daiklofenaki ya kutuliza maumivu, vidonge, apumzike asibebe mizigo. Kwa sababu ni hamali basi jibu limeshapatikana kabla hajakaa kwenye kiti. Na mimi naelewa, kweli hamali huumwa na mgongo, lakini huyu alikuwa anaumwa usiku akiwa amelala zaidi ya mchana akiwa na gunia, na msuli uliovutika kawaida ukipumzika hupata nafuu. Alikuwa anatoka jasho mpaka shuka yalowa, na sisi nyumbani tukasema ni joto la Mombasa. Alikuwa anakonda, tukasema ni swaumu. Sisi tulikosea na nalikubali hilo, lakini sisi si madaktari, sisi tulikuwa tunajaribu kujipa moyo. Yule aliyekaa upande wa pili wa meza na kalamu ndiye aliyetakiwa kuyaweka hayo matatu pamoja: maumivu ya usiku, jasho la usiku, kukonda. Hakuuliza hata moja.

Na lau angemvua shati angeona. Mkewe aliona, wiki mbili kabla hajaanguka, akamwambia mbona huku nyuma pamefanya kijinundu. Pingili mbili zilikuwa zishaliwa na mdudu mpaka mgongo ukaanza kujikunja mbele, na kule nyuma pakachomoza. Kiswahili chetu kina neno kibyongo na nilikuwa nikidhani ni watu wanazaliwa hivyo, kumbe TB ni moja ya sababu zake kubwa toka zamani. Daktari wa London, Percivall Pott, aliandika mwaka 1779 kuhusu watu waliopinda mgongo na miguu yao ikapooza, hata ugonjwa ukapewa jina lake, na huyo hakuwa na eksrei wala MRI, ile mashine kubwa inayopiga picha ya ndani ya mwili, alikuwa na macho na mikono. Kwa hivyo mtu asiniambie ati huu ni ugonjwa mgeni. Na Kenya imo kwenye orodha ya WHO, Shirika la Afya Duniani, ya nchi zenye mzigo mkubwa wa TB duniani. TB haikai kifuani peke yake, na ikiingia kwenye mifupa mgongo ndio mahali inapopapenda zaidi. Kakangu hakuwa anakohoa hata kidogo, ndio maana hakuna aliyeiwaza.

Tena si TB tu. Nimekaa usiku mwingi nikisoma na kuuliza. Kuna bakteria wa kawaida wa ngozi, stafilokokasi, anayepita kwenye damu kutoka kwa jipu au kidonda akaenda kukaa kwenye diski ya mgongo, ule mto ulio kati ya pingili na pingili. Kuna brusela, bakteria wa maziwa mabichi, na huku pwani na bara watu wanakunywa maziwa mabichi. Wanaokamatwa zaidi ni wenye sukari, wenye figo za kusafishwa kwa mashine, wenye HIV, na vijana wetu wanaojidunga. Hawa wa mwisho nawasemea kwa makusudi kwa sababu nimewaona pale kwenye benchi la dharura wakiambiwa warudi nyumbani, kijana analia mgongo na homa anaambiwa anatafuta dawa za kulevya. Huyo huenda ana jipu linaloelekea kumpoozesha.

Najua mtajibu kwamba wagonjwa wa mgongo ni wengi na hamuwezi kupiga kila mtu MRI. Sawa, na sijaomba hivyo. Wengi wao kweli ni misuli na watapona. Nimeomba maswali manne na mkono mmoja: usiku waumwa? una homa au jasho? umekonda? miguu na mkojo ziko sawa? Halafu mtu apitishe mkono kwenye pingili agonge kidogo aone panapouma. Hiyo haitaki umeme, haitaki spea kutoka nje. Na yule atakayejibu ndio kwa mawili matatu, apimwe damu, ESR na CRP, vile vipimo vinavyoonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini, apigwe eksrei ya mgongo na ya kifua hiyo hiyo siku, na huyo ndiye wa kuwekwa kwenye foleni ya MRI.

2. Usiku wa Alhamisi.

Hapa ndipo panaponiuma zaidi na nitakaa hapa kidogo mnisamehe.

Tulipofika kakangu alisema mambo mawili kwa sauti na mimi nilikuwa nimemshika mkono. Alisema miguu haina nguvu na ngozi toka kitovuni kwenda chini yahisi kama amefungwa gunia. Na akasema hajakojoa tangu asubuhi. Kijana aliyetupokea akaandika la kwanza. La pili hakuliandika, nimeona faili siku moja kabla hawajanizuia kuliona tena. Akapewa sindano ile ile ya daiklofenaki, akawekwa kwenye kitanda cha pembeni, tukaambiwa daktari wa mifupa atapita asubuhi. Asubuhi ikaja, Ijumaa, daktari wa mifupa alikuwa thieta, chumba cha upasuaji, tukaambiwa mchana, mchana tukaambiwa kesho. Usiku wa Ijumaa tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma na yeye anatetemeka, na alfajiri ya Jumamosi ndipo nesi mmoja, Mungu amlipe, alipoweka mkono kwenye lile tumbo akaguta, akaita mwenzake, wakaweka mpira wa mkojo na ikatoka zaidi ya lita moja. Yaani mtu amekaa na mkojo karibu siku mbili, na sehemu kubwa ya muda huo ndani ya hospitali. Na hata baada ya hapo hakuna aliyesema jamani, miguu imelegea, ngozi imekufa ganzi, kibofu kimegoma, hivi vitu vitatu ni kitu kimoja.

Waheshimiwa, hivi vitu vitatu ni kitu kimoja. Ndani ya mgongo kuna kamba ya neva inashuka kutoka kwenye ubongo mpaka kiunoni, na chini yake mafungu ya neva yanayokwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye choo kubwa. Nafasi yake ni nyembamba. Ikibanwa na usaha, au na mfupa uliovunjika, au na diski iliyotoka mahali pake, au na uvimbe, dalili zafanana, na hapo haijalishi tena ni hamali au ni nani, hapo ni dharura kama moyo uliosimama. Madaktari wenyewe wameandika hatua za jipu la mgongo: kwanza maumivu, halafu maumivu yanayopiga shoti kwenda mbavuni au mguuni, halafu udhaifu na mkojo kukwama, halafu kupooza. Kutoka udhaifu mpaka kupooza yaweza kuwa saa chache tu. Na wameandika kwamba hali mtu aliyoingia nayo thieta ndiyo inayoamua zaidi atakavyotoka. Anayeingia bado anasogeza miguu ana nafasi kubwa. Aliyepooza kabisa zaidi ya siku moja na nusu kwa jipu la bakteria wa kawaida, nafasi yake ni ndogo sana.

Nitasema ukweli wote hata ule usionisaidia. Ya kakangu ilikuwa TB, na TB hubana polepole kuliko wale bakteria wengine, na wengi waliolegea miguu kwa TB hurudi kutembea wakitibiwa hata kama walichelewa. Kwa hivyo siwezi kuapa kwamba kila saa katika zile 134 ilimuibia kitu. Lakini Alhamisi usiku hakuna aliyejua kama ni TB. Hakuna aliyejua kama ni kitu cha miezi au kitu cha saa chache. Mlicheza na mguu wa mtu bila kujua karata mliyoshika. Alhamisi alikuwa anainua mguu wa kulia kutoka kitandani, mimi nimeona. Jumatatu alikuwa hasogezi hata kidole.

3. Picha na dipoziti.

Jumamosi daktari mwengine alipita, akamgonga magoti, akakuna nyayo kwa ufunguo, uso ukambadilika, akasema huyu anataka MRI sasa hivi. Nikafurahi, nikasema afadhali. Kumbe sasa hivi ya hospitali ni neno tu. Mashine haifanyi kazi wikendi, tukaambiwa. Jumatatu tukaambiwa mashine yenyewe ina hitilafu, twende tukapige nje, na huko nje wanataka pesa kwanza. Bima ikawa na shida ya kuhakikishwa, mtandao uko chini. Tukafungua grupu ya WhatsApp ya mchango, mahamali wa Kongowea wakatoa hamsini hamsini, mia mia, msikiti ukatoa, mwajiri wangu akanikopesha mshahara wa mwezi. Jumanne saa tisa mchana ndio akapigwa picha. Picha ikaonyesha pingili ya nane na ya tisa za kifuani zimeliwa, diski ya katikati haipo, na usaha umejaa unaibana ile kamba mpaka imekuwa kama uzi.

Mtasema mashine huharibika. Ni kweli, hata winchi za bandarini huharibika. Lakini bandarini winchi moja ikiharibika meli haiambiwi ingoje mpaka fundi apatikane, inaletwa nyengine, kuna mpango ulioandikwa. Mpango wenu wa MRI ikiharibika ni upi? Mna makubaliano na kituo gani cha nje wampige picha mgonjwa wa dharura saa nane usiku na malipo yafuate? Kama hamna, mwaweza kuandikiana leo. Na mgonjwa mpaka apelekwe Nairobi, karibu kilomita 480, nani anaamua, saa ngapi, na gari ya nani? Siku nne nzima tulikuwa tunaambiwa huenda akapelekwa Nairobi, na hakuna hata simu moja iliyopigwa huko, niliuliza.

Na kuhusu pesa kwanza, Katiba ya 2010 kifungu cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikarudia. Mtu ambaye miguu inakufa na kibofu kimegoma, kama huyo si dharura basi nielezeni dharura ni ipi.

4. Dawa kabla ya damu.

Hili ni fupi. Jumamosi akaanzishiwa seftriaksoni, antibayotiki, kwenye mshipa, na hakuna damu iliyochukuliwa kwanza ya kuotesha ili ijulikane ni mdudu gani. Ukishamwaga dawa ndio kisha utafute mdudu, mara nyingi humpati. Kwa mgonjwa ambaye neva zinabanwa sikatai dawa ianze haraka, lakini damu inachukuliwa dakika tano kabla, chupa mbili tatu, ndipo dawa iingie. Bahati yetu, usaha wa thieta ulipelekwa kwenye ile mashine ya GeneXpert na jibu la TB likatoka kesho yake. Lau ingekuwa ni stafilokokasi tungebaki kubahatisha dawa wiki sita nzima, maana hizo ndizo wiki anazotumia antibayotiki mtu wa aina hiyo, na kama ni brusela ni miezi mitatu na dawa nyengine kabisa. Huwezi kuchagua dawa ya wiki sita kwa kukisia.

5. Mlivyomrudisha nyumbani.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri alhamdulillahi. Wakautoa usaha, wakaondoa mfupa uliooza, wakaweka skrubu na vyuma vya kushikilia mgongo usizidi kupinda. Daktari akanieleza kwa upole kwamba si kila TB ya mgongo hupasuliwa, wengi hupona kwa vidonge peke yake na wanaendelea kutembea, na ilithibitishwa zamani kwa majaribio makubwa ya madaktari Korea, Hong Kong, India na hata Bulawayo. Upasuaji ni kwa yule ambaye neva zinabanwa, au mgongo umelegea unapinda, au dawa hazifanyi kazi. Nikamuuliza, kwa hivyo angegunduliwa kwenye kadi ya kwanza au ya pili, huenda angepona kwa vidonge? Akanyamaza kidogo, akasema huenda. Vidonge vyenyewe ni vya bure nchi nzima. Miezi minne ya daiklofenaki na kulipia foleni, na dawa ya bure iko jengo la pili.

Siku ya kutoka akapewa karatasi. Imeandikwa TB, basi. Haikusema TB ya wapi. Kliniki ya karibu na nyumbani wakamuandikisha kama TB ya kifua, ambayo ni miezi sita, na mwezi wa sita ulipokaribia wakamwambia hongera unamaliza. Mimi nilikuwa nishasoma kwamba ya mifupa na mgongo ni miezi 12, miwili ya dawa nne na kumi ya dawa mbili, nikampigia daktari aliyempasua, akashtuka, akaandika barua siku hiyo hiyo. Nawauliza wazi, wangapi waliachishwa dawa nusu ya safari kwa sababu ya neno moja lisiloandikwa?

Mkewe hakufundishwa kumgeuza kila baada ya saa mbili. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu asiyehisi ngozi yake huoza mgongoni bila kujua, tukajua kidonda kilipokuwa saizi ya sarafu ya shilingi ishirini kwenye mfupa wa makalio. Kidonda hicho kimechukua miezi mitatu kupona, wiki nzima nzima amelala kifudifudi. Hakuna aliyetueleza kuhusu mpira wa mkojo, lini utolewe, ajaribu vipi mwenyewe, na mambo ya choo kubwa ndio kabisa, mtu mzima anaona haya hata kumuambia mkewe. Vidonge vilipogeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa mamangu akalia akidhani ni damu. Sentensi moja tu ingetosha. Fizio alipangiwa mara moja kwa mwezi, na kuvuka feri na mtu wa kiti cha magurudumu mwajua wenyewe ile msongamano wa asubuhi.

Sai yuwatembea na woka kutoka chumbani mpaka barazani. Mguu wa kulia umerudi vizuri, wa kushoto unaburuta. Mpira wa mkojo ulitolewa mwezi wa nne baada ya upasuaji. Gunia hatabeba tena, na watoto ni wanne.

6. Mlivyotujibu, na mtakavyotujibu.

Kwa mdomo, koridoni, nimeambiwa kwamba familia ilichelewa kumleta. Kadi tano, zenye tarehe zenu na mihuri yenu. Nimeambiwa pia alikwenda kuchuliwa mgongo na mzee wa mtaani. Ndio, alikwenda mara mbili, mafuta ya nazi na mvuke, baada ya nyinyi kumwambia ni msuli. Mtu akiambiwa na daktari ni msuli aende wapi? Nimeambiwa madaktari ni wachache, na hilo nalikubali kabisa, na ndiyo maana nasema tatizo si yule kijana wa Alhamisi aliyekuwa peke yake na wagonjwa wamejaa mpaka nje, tatizo ni kwamba hakuwa na karatasi ukutani ya kumwambia ukiona hivi mwamshe mkubwa wako. Msije mkamfukuza yeye mkasema mmeshughulikia. Sitaki hivyo, na kakangu pia amesema hataki.

Tunachoomba:

a) Amri iliyoandikwa na kubandikwa dharura na kwenye kliniki ya nje: maumivu ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ganzi sehemu za siri, au mkojo kukwama, mkubwa wa zamu anaitwa hapo hapo, usiku au mchana, sikukuu au siku ya kazi. Kila mgonjwa wa namna hiyo aulizwe mara ya mwisho kukojoa ni lini, na jibu liandikwe.

b) MRI siku hiyo hiyo, yenu au ya kituo mtakachoandikiana nacho, na malipo yafuate nyuma. Mashine ikiharibika, uamuzi wa kumhamisha mgonjwa ufanywe ndani ya saa, si ndani ya siku, na jina la aliyeamua liwepo.

c) Karatasi ya saa kwenye kila faili la namna hii. Kafika saa ngapi, kaonwa saa ngapi, picha saa ngapi, daktari wa mgongo kaambiwa saa ngapi, thieta saa ngapi. Kama mwataka nitawachorea mwenyewe bure, hizo ndizo karatasi ninazojaza kila siku.

d) Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya antibayotiki kwa kila anayeshukiwa, na usaha ukitolewa upimwe TB na bakteria wengine pamoja.

e) Karatasi ya kutoka iandikwe TB ya mgongo, miezi 12, kwa herufi kubwa, na familia ikalishwe chini nusu saa ifundishwe kugeuza mgonjwa, ngozi, mkojo na choo, kwa Kiswahili.

f) Faili la kakangu, nakala kamili. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki hiyo na mumetuzungusha miezi minane. Na kikao na familia, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kuamua, si mapokezi.

Nawapa siku 21 kuanzia leo. Baada ya hapo nitapeleka kadi, mihuri na barua zote tatu kwa wanaosimamia leseni za madaktari na za hospitali, na nitaandika tena hapa kusema mlijibu nini.

Jumanne ijayo kakangu ana kliniki kwenu saa tatu asubuhi. Tutavuka na feri ya saa kumi na mbili na nusu ili tupate benchi la mbele, kwa sababu kukaa muda mrefu bado kunamuumiza na la mbele lina kiegemeo. Yeyote kati yenu akitaka kuongea nasi kabla ya siku 21, atatukuta pale. Kadi zote tano nitakuwa nazo kwenye mkoba.

Wenu kwa heshima,

Dadake mgonjwa,
Likoni, Mombasa